Kitambaa cha Kijani na Kazi ya Kukata Picha kwa Rangi

Leo twaendelea na historia ya vyombo tunavyovitumia. Kaeni vizuri, na yule anayewasomea wenzake ukurasa huu asome polepole.

Bila shaka mmekwisha kumwona katika televisheni mtu anayetangaza habari za hali ya hewa. Amesimama mbele ya ramani kubwa, mawingu yanapita nyuma yake, naye aonyesha kwa mkono mahali mvua itakaponyesha. Je, ramani ile imetundikwa ukutani? Mara nyingi sivyo. Nyuma yake hakuna kitu ila ukuta au kitambaa kitupu cha rangi ya kijani. Mtambo umeamriwa hivi: kila mahali uonapo rangi hii, iondoe, tia ramani. Hii ndiyo kazi ya kukata picha kwa rangi. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Haya, na tutazame vilivyoundwa.

ASILI YAKE

Huko Ufaransa alikuwako mtu jina lake Georges Méliès. Mwaka wa 1898 alitengeneza sinema fupi ambayo ndani yake aonekana akijivua kichwa na kukiweka juu ya meza, kisha anaota kingine. Alifanyaje? Alitumia rangi nyeusi. Filamu hupata alama pale mwanga unapoigusa. Kitu cheusi hakirudishi mwanga, kwa hiyo sehemu ile ya filamu hubaki tupu, kama ukurasa usioandikwa. Méliès aliirudisha filamu nyuma, akaipitisha tena katika kamera, akapiga picha ya pili juu ya sehemu ile tupu.

Mwaka wa 1940 ilitoka filamu ya *The Thief of Bagdad*, yenye jini litokalo katika chupa. Fundi Larry Butler aliweka pazia la buluu nyuma ya wachezaji. Kwa nini buluu? Kwa sababu ngozi ya mwanadamu, iwe nyeusi au nyeupe, haina buluu nyingi. Rangi ya nyuma ikiwa mbali na rangi ya ngozi, ni rahisi kuzitenga.

Lakini palikuwa na taabu moja: ukingo. Nywele, moshi na kioo havikukatika vizuri, na pembeni mwa mtu palibaki mstari wa buluu. Mtazamaji mwenye macho makali aliuona, akajua kwamba amechezewa.

Aliyeitatua taabu hiyo ni Petro Vlahos wa Marekani, kwa ajili ya filamu ya *Ben-Hur* ya mwaka wa 1959. Yeye hakutosheka kuuliza, "Je, hapa ni buluu au si buluu?" Njia yake ilipima katika kila mahali ni kwa kiasi gani buluu imeizidi kijani. Basi unywele mwembamba uliweza kuhesabiwa nusu ni wa mtu na nusu ni wa pazia, na moshi ukabaki moshi. Mwaka wa 1976 Vlahos aliunda kampuni ya Ultimatte, iliyofanya kazi hiyohiyo kwa mitambo ya umeme.

KAMERA ZA SD NA KAMERA ZA HD

Picha ya video imefanywa kwa nukta, kama mkeka ulivyofanywa kwa ukindu. Picha ya kawaida, iitwayo SD, katika nchi zilizofuata utaratibu wa PAL ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Zidisheni: ni nukta 414,720. Picha ya HD ina 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Hiyo ni mara 5 kamili.

Je, basi HD hukata vizuri mara 5? Ngojeni kidogo. Jicho la mwanadamu huona tofauti ya mwanga na giza vizuri kuliko tofauti ya rangi. Waundaji wa kamera walilijua jambo hili, wakabana matumizi. Katika kanda za DV, zilizotokea mwaka wa 1995, kila nukta iliandikiwa mwanga wake, lakini nukta 4 zilishirikiana rangi moja. Kwa macho hapana kasoro. Lakini mtambo wa kukata hautazami mwanga, hutazama rangi! Ndiyo maana watu waliopigwa kwa kamera hizo walitokea na kingo zenye meno kama msumeno.

Mwaka wa 2003 ukatangazwa utaratibu wa HDV. Huo uliandika picha ya HD katika kanda ileile ya DV, na kwa kiasi kilekile cha habari kwa kila sekunde. Ni kama kushindilia magunia matatu na zaidi ya mahindi katika gunia moja. Mtu akitikisa mkono upesi, ukingo ulivurugika. Basi jina la HD peke yake si dhamana.

Hata hivyo HD ina faida moja kubwa. Kamera ya HD kamili, hata ikiandika rangi moja kwa nukta 4, hubaki na sehemu za rangi 518,400. Hizo zinapita nukta zote za picha ya SD! Kwa hiyo ukipiga kwa HD, ukakata, kisha ukaipunguza picha iwe ya SD, ukingo hutoka safi kuliko ungepiga kwa SD tangu mwanzo.

Na kwa nini kijani kikachukua nafasi ya buluu? Kwa sababu katika video sehemu kubwa ya mwanga huhesabiwa kutoka rangi ya kijani: kama 59 katika kila 100 kwa SD, na kama 72 kwa HD. Kijani huandikwa wazi, wala hakitaki taa nyingi.

FAIDA YA SOMO HILI

Pengine chama chenu kitataka kununua kamera. Muuzaji atawatajia wingi wa nukta. Ninyi mwulizeni: rangi inaandikwaje? Kisha kumbukeni kwamba kitambaa kilichonyoshwa, taa zilizosawazishwa, na mtu aliyesimama mbali kidogo na kitambaa huokoa fedha nyingi. HD huonyesha hata mikunjo ambayo SD iliificha.

Tena liko jambo kubwa zaidi. Zamani ukingo mbaya ulikuwa shahidi wetu. Ulituambia kwamba mtu huyu hakusimama mahali pale. Siku hizi shahidi huyo amenyamaza. Mkionyeshwa picha ya kiongozi au jirani yenu mahali fulani, msiamini kwa sababu tu ukingo ni safi. Ulizeni nani ameileta, na nani mwingine alikuwako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini Méliès alitumia rangi nyeusi?
2. Mtangazaji akivaa shati la kijani mbele ya kitambaa cha kijani, litatokea nini?
3. Zungumzeni: picha iliyokatwa ni uongo wakati gani, na si uongo wakati gani?

Kwaherini, hata somo lijalo.