Kwa nini mafuriko ya Sericho hayakadiriwi kwa mvua ya Sericho pekee

WAKAZI wa Sericho, Kaunti ya Isiolo, huweza kuuona Mto Ewaso Ng'iro ukivunja kingo zake chini ya anga lisilo na wingu. Maji hayo hutoka Mlima Kenya na safu za Nyandarua, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, kisha huteremka hadi kinamasi cha Lorian. Kipimamvua cha Sericho hakiwezi kuyabashiri.

Lakini yako mafuriko mengine, yale ya laga, mito mikavu inayojaa ghafla mvua inyeshapo karibu. Hapo ndipo makadirio hukosewa zaidi.

Njia za kawaida za kukadiria maji yatakayotiririka huchukulia kwamba mvua imenyesha sawasawa bondeni kote. Mvua ya nyika haina tabia hiyo. Huweza kulowesha malisho ya upande mmoja na kuuacha upande wa pili ukiwa vumbi tupu.

Tuseme bonde la laga lina kilomita 50 za mraba, na udongo wake hunywa milimita 10 za kwanza. Dhoruba ya milimita 40 yanyesha kwenye kilomita 5 za mraba tu. Ukiigawanya mvua hiyo kwa bonde zima, wastani ni milimita 4, na hesabu yasema hakuna tone litakalotiririka. Kumbe pale iliponyesha zimebaki milimita 30, yaani mita za ujazo 150,000 za maji, zinazotosha kuzoa mbuzi waliolala lagani.

Kasi nayo ina uzito wake. Milimita 40 za siku nzima huenda zikanywewa na ardhi. Zikinyesha kwa saa moja, ardhi hushindwa kuzipokea. Tena wingu likisafiri kuelekea mteremko, maji ya juu hufika pamoja na ya chini, na kilele cha mafuriko hupanda.

Mwaka 1976, maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara ilitoa njia ya kukadiria mafuriko ya Afrika Mashariki, kutokana na vipimo vya mabonde madogo ya Kenya na Uganda. Njia hiyo huwasaidia wahandisi kuchagua ukubwa wa makalavati. Kwa mto wenyewe, ishara ya mapema zaidi hutoka juu, kwenye kipimo cha kina cha maji kilichoko Archer's Post.