Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Historia ya Ubao wa Kuteleza Juu ya Maji

Somo la historia kwa vikundi vya kusikiliza, wilaya za Tarime na Serengeti

  Wenye madaftari wayafungue. Wasio nayo wasikilize kwa makini, maana mwishoni tutauliza maswali kama kawaida yetu.

Somo la leo limetokana na barua. Mzee mmoja wa upande wa Tarime ametueleza kwamba kijana wake anafanya kazi katika hoteli ya pwani, huko Mombasa. Saa za mapumziko kijana huyo amejifunza mchezo wa kuvutwa na motaboti kwa kamba, naye amesimama juu ya maji akikanyaga ubao. Sasa anaomba fedha anunue ubao wake mwenyewe, na ameuchagua ule wanaoutumia mabingwa. Mzee ameipima bei yake kwa kipimo anachokijua: ni maksai wawili, yaani jozi nzima ya kulimia. Anauliza, je, auze maksai? Na ubao huo una nini hata uzidi thamani ya ng'ombe?

Swali hili ni zuri, nalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Kwanza inatupasa kujua ubao huo ulitoka wapi, na kwa nini ulibadilika umbo.

Watu wa nchi za baridi wametumia mbao ndefu miguuni, ziitwazo skii, kwa maelfu ya miaka. Walizitumia kupita juu ya theluji, ile nyeupe tunayoiona kileleni mwa Kilimanjaro. Huko Norwe, katika wilaya ya Telemark, vijana walishindana kuteremka vilimani kwa kupinda huku na huku. Njia ya kupinda hivyo waliita slalomu, neno la kwao lenye maana ya alama ya skii kwenye mteremko. Kumbukeni neno hilo, maana litarudi.

Mtu wa kwanza anayetambuliwa kuwa alisimama juu ya maji kwa skii ni Ralph Samuelson, kijana wa Marekani. Alikaa katika mji mdogo wa Lake City, jimbo la Minnesota, kando ya Ziwa Pepin, mahali ambapo mto Mississippi umepanuka ukawa kama ziwa. Ilikuwa mwaka wa 1922, naye alikuwa na umri wa miaka 18. Alijiuliza hivi: ikiwa mtu aweza kuteleza juu ya theluji, na theluji ni maji, kwa nini asiteleze juu ya maji yenyewe?

Alianza na mbao za pipa. Akazama. Akajaribu skii za theluji. Akazama tena. Ndipo alipokwenda kununua mbao mbili, kila moja urefu wa futi 8 na upana wa inchi 9. Akazichemsha ncha katika sufuria kubwa ya shaba ya mama yake mpaka zikalainika, akazipinda zielekee juu, akapigilia mikanda ya ngozi ya kushika miguu. Kaka yake, Ben, aliendesha mashua. Siku za kwanza Ralph alianguka mara nyingi mbele ya watu wa mji. Lakini tarehe 2 Julai, 1922, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, alijaribu kuegemea nyuma, ncha za skii zikiwa juu ya maji. Mashua ikamvuta, akainuka, akasimama.

Hapa tusimame kidogo, maana jibu la barua ya mzee wetu limeanzia hapa. Kwa nini mbao zile pana zilifaulu? Mashua ya Samuelson haikuwa na kasi kubwa. Maji humbeba mtu anayeteleza kwa mambo mawili: ukubwa wa ubao na kasi ya kuvutwa. Kasi ikiwa ndogo, ubao lazima uwe mkubwa. Kasi ikizidi, ubao mdogo watosha. Kama siku ile Samuelson angepewa ubao mwembamba wa bingwa wa leo, mashua yake ingemkokota ndani ya maji kama gogo.

Samuelson hakujiandikishia haki ya uvumbuzi wake. Mwaka wa 1925 Mmarekani mwingine, Fred Waller, alipata hati ya serikali kwa skii zake za maji akaziuza, na kwa miaka mingi watu hawakujua habari za kijana wa Lake City. Mwaka wa 1966 ndipo chama cha mchezo huo cha Marekani kilipomtambua rasmi kuwa wa kwanza. Alifariki mwaka wa 1977.

Chama hicho kiliundwa mwaka wa 1939, na mwaka huo huo yakafanyika mashindano ya kwanza ya taifa la Marekani. Mwaka wa 1949 mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Juan-les-Pins, Ufaransa. Katika mashindano haya neno letu la Norwe likarudi. Slalomu ya majini ni hii: motaboti hupita katikati kwa mstari ulionyoka, na yule anayevutwa huzunguka maboya sita, matatu kila upande. Njia nzima ni mita 259. Kila boya liko mita 11 na nusu kutoka mstari wa katikati.

Wachezaji waligundua kwamba miguu miwili katika mbao mbili haipindi upesi. Wakauacha ubao mmoja. Mguu mmoja ukakaa mbele, wa pili nyuma yake, juu ya ubao ule ule. Ubao ukapunguzwa upana, ukatiwa pezi chini ya mkia, kama pezi la samaki, ili usiserereke upande. Mti nao ukaachwa polepole, zikatumika nyuzi za kioo, na siku hizi nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi na ngumu sana. Ndiyo sababu ya bei ile iliyomshtua mzee wetu.

Sasa sikilizeni jinsi bingwa anavyopimwa. Kasi ya motaboti huongezwa hatua kwa hatua mpaka kilometa 58 kwa saa kwa wanaume na 55 kwa wanawake. Ikifika hapo haiongezwi tena. Badala yake kamba hukatwa ufupi. Huanza na mita 18 na robo, ikashuka mpaka 16, na kuendelea. Wanaofika kamba ya mita 11 na robo wana kamba fupi kuliko umbali wa kulifikia boya, hivyo hunyosha mkono na kuulaza mwili karibu na maji ili walizunguke. Ubao wa bingwa umeundwa kwa kazi hiyo. Ni mwembamba na mgumu, nao hugeuka mara tu unapoambiwa. Lakini hugeuka hata usipoukusudia. Kosa dogo la mguu, na mtu yumo majini.

Ninyi wakulima mnalielewa jambo hili kuliko mimi. Ndama dume anayefundishwa nira hafungwi siku ya kwanza kwenye plau zito katika ardhi ngumu. Huanza kwa kuvuta gogo jepesi, akiwa pamoja na mwenzake aliyezoea. Mwenye haraka humvunja ng'ombe moyo, na plau halilimi. Hali kadhalika kwa ubao huu: umbo lake limepanda ngazi kwa muda wa miaka mia, na kila anayejifunza hana budi kuanza chini alipoanza Samuelson.

Basi, ngazi yenyewe ni hii. Anayeanza kabisa atumie mbao mbili pana. Akiweza kusimama na kuvuka mawimbi ya mashua bila kuanguka, na ainue mguu mmoja kidogo. Mguu unaosimama imara peke yake mara nyingi ndio utakaokaa mbele. Kisha achukue ubao mmoja, ulio mpana na mrefu, usio mgumu mno. Huu humwinua upesi kutoka majini hata motaboti ikienda pole, na humsamehe makosa. Akiisha kupita maboya yote sita kwa kasi ya chini, atafute ubao wa kati. Ule wa mabingwa ungoje mpaka kasi na mwili wake viudai.

Uzito nao una sheria yake. Mtu mzito huhitaji ubao mrefu kuliko mwembamba. Mbao nyingi za watu wazima ni kati ya inchi 63 na 69, na watengenezaji huandika uzito na kasi inayofaa kila urefu. Viatu vya ubao vishike mguu barabara, lakini mguu uweze kuchomoka mtu akianguka, la sivyo kifundo kitaumia.

Mzee wetu, mali ni yako na uamuzi ni wako. Sisi twakushauri umwulize kijana maswali matatu. Je, huinuka na ubao mmoja kila mara, au mara moja moja? Motaboti humvuta kwa kasi gani? Na maboya, amekwisha kuzunguka mangapi kwa mfululizo? Akijibu kwamba bado anahangaika kuinuka, ubao wa bingwa utamrudisha nyuma, nawe utakuwa umepoteza jozi ya kulimia kabla ya mvua. Mwambie aazime mbao mbili tatu tofauti azijaribu, kisha atafute ule mpana, hata uliokwisha kutumika. Bei yake ni ndogo sana kuliko ule aliouchagua, na pengine maksai watabaki zizini. Lakini akijibu kwa hesabu kamili, jua kwamba kijana amefanya kazi, umsikilize.

Neno la mwisho ni kwa vijana wanaosikiliza huku kwetu. Mto Mara, unaopita kati ya Tarime na Serengeti, una mamba na viboko. Si mahali pa mchezo huu hata kidogo. Na popote mtakapojifunza, vaeni jaketi la kuelea, na ndani ya motaboti awepo mtu wa pili wa kumtazama anayevutwa, maana dereva hutazama mbele.

Maswali ya kujadiliana. Moja: kwa nini mbao za Samuelson zilihitaji kuwa pana? Mbili: kwa nini kamba hukatwa badala ya kuongeza kasi? Tatu: tajeni chombo kimoja cha kazi katika kijiji chenu ambacho watu hukinunua kabla hawajakiweza, na mseme hasara yake.

Andikeni majibu yenu mtuletee. Mpaka kipindi kijacho, kwa herini.