Mkono Unaogoma Kupanda

Miaka ipatayo 3,600 iliyopita, mwandishi mmoja wa Misri alinakili kwenye mafunjo maelezo ya uvimbe wa kifuani, akaandika kuwa hauna tiba. Kwa karne nyingi baadaye, mwanamke mwenye saratani ya titi aliachwa afe au alikatwa titi akiwa macho. Fanny Burney, mwandishi wa Uingereza, alikatwa hivyo Paris mwaka 1811.

Halafu akaja daktari wa upasuaji William Halsted wa Marekani. Tangu 1882 alikuwa akiondoa titi zima, misuli ya kifua na matezi ya kwapani kwa pamoja, na njia yake ikatawala hadi miaka ya 1970. Iliokoa wengi. Iliwaacha pia na kifua kilichobonyea, ngozi iliyoshikana na mbavu na mkono uliovimba. Mwaka 1948 David Patey wa London alionyesha kwamba msuli mkubwa wa kifua unaweza kuachwa. Baadaye madaktari wa upasuaji Bernard Fisher na Umberto Veronesi wakathibitisha kwamba saratani ikiwahiwa, kukata kidogo na kuongeza mionzi kunatosha.

Kuwahi ndiko kunakotushinda Tanzania. Hospitali ya Ocean Road ya Dar es Salaam, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, ikawa taasisi ya saratani mwaka 1996, lakini kutoka Dodoma ni zaidi ya kilomita 400. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa Dodoma mwaka 2015, imesogeza mabingwa karibu. Hata hivyo wengi nchini hufika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Wanaofanyiwa upasuaji kati yao mara nyingi huondolewa titi lote na matezi, wakapigwa mionzi, na makovu yao huwa mazito.

Kovu halikai juu ya ngozi tu. Chini yake, tabaka zilizokuwa zikiteleza, yaani ngozi, mafuta, utando wa misuli na misuli yenyewe, hugandana. Mionzi huzidi kuzikaza. Kwapani zinaweza kujitokeza kamba ngumu zinazoonekana mkono ukiinuliwa.

Kipimo cha Vancouver cha mwaka 1990 kinaangalia rangi, wekundu, ulaini na kimo cha kovu. Wekundu huo hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo kwetu vidole vina kauli kubwa kuliko macho. Kidonda kikishafunga, mtaalamu wa fiziotherapia husukuma kovu juu, chini na pembeni, akihisi linapokwama. Huikunja ngozi kwa vidole. Hupima mkono unapanda nyuzi ngapi kati ya 180, na huulinganisha na mzima. Mwaka 2004 Waholanzi waliongeza kipimo kinachomuuliza mgonjwa mwenyewe: linauma, linawasha, limekakamaa? Kwangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote.

Kwa mama wa Ugogo, huku Dodoma, ningeuliza zaidi. Mchi unapanda? Ndoo inafika kichwani? Na muheme, ngoma ambayo ni ya wanawake, bado anaipiga?

Dada uliyefanyiwa upasuaji, usiondoke kliniki kabla kovu lako halijashikwa na mkono wako haujainuliwa. Na ukihisi kinundu kipya ndani ya kovu, usikikande wala usikubali kuambiwa ni kovu tu. Rudi kwa daktari kikapimwe.