Hewa ya Wizi

Leo tutasoma habari za Landrova, na kidude kimoja kidogo kilichomo ndani yake.

Landrova ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, mjini Amsterdam. Haikupita miaka mingi ikawa gari la bwana shamba, la daktari na la polisi, toka Dodoma mpaka Kondoa na Mpwapwa. Nyingi zilikuwa za petroli, na petroli huchanganywa na hewa katika kabureta.

Pistoni ikishuka huvuta hewa, kama mtu anyonyaye kwa mrija. Mnyonyo huo ndio uletao petroli. Katika kabureta ya Zenith, iliyofungwa katika Landrova nyingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, mna kiwambo chembamba, kimewambwa kama ngozi ya muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo. Gari likienda taratibu, mnyonyo hukivuta kiwambo, petroli ikapungua. Likipanda mlima, mnyonyo hulegea, springi hukirudisha, petroli ikaongezeka. Basi kiwambo kikitoboka, injini hunywa kama inayopanda mlima siku zote, hata ikiwa katika tambarare ya Bahi.

Jambo hili liliumiza sana baada ya 1973, petroli ilipopanda bei duniani, mwaka ule ule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vipuri navyo viliadimika. Fundi hakuweza kuitupa kabureta, ilimbidi aifufue.

Kwanza aliiosha na kuikausha, maana petroli ni sumu kinywani. Akachomeka mpira safi penye tundu la mnyonyo, akavuta kwa kinywa, akaziba kwa ulimi. Ulimi ukishikwa ukabaki umeshikwa, kiwambo ni kizima. Ukiachiliwa, panavuja.

Kisha alilaza msasa juu ya kioo, akasugua uso wa kifuniko. Kifuniko kilichopinda huacha mwanya, na hapo ndipo hewa ya wizi hupita. Gasketi aliikata kwa karatasi nzito. Wengine walipaka gundi tele, nadhani kwa kuogopa kazi ya msasa. Gundi ikaziba vitundu, gari likazimika porini.

Mwisho aliwasha injini, akadondosha oili kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika, alifungua tena.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni: kabureta, kiwambo, mwanya.