Waranti Haizeeki, Dai la Fidia Huzeeka

Wengi hudhani kwamba waranti ya kukamatwa ikikaa miaka mingi bila polisi kubisha hodi, imekufa. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Kifungu cha 102 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, iliyotungwa zama za ukoloni mwaka 1930, kinaipa waranti uhai hadi itekelezwe au ifutwe na mahakama iliyoitoa. Yanayopitwa na muda ni makosa madogo tu, yale ambayo adhabu yake haizidi miezi 6 jela au faini ya shilingi 1,000 (pesa ambazo siku hizi hazijazi hata kikapu cha sokoni). Hayo lazima yashtakiwe ndani ya miezi 12. Mauaji hayana kikomo.

Aliyeumizwa ndiye anayehesabiwa siku. Bwawa la Patel lilipopasuka Solai, katika kaunti ya Nakuru, usiku wa Mei 9, 2018, watu wasiopungua 47 walikufa. Washtakiwa wa kuua bila kukusudia waliachiliwa na mahakama ya Naivasha Februari 2020, kisha Mahakama Kuu ikabatilisha uamuzi huo. Jinai iliweza kufufuliwa. Lakini dai la fidia kwa uzembe, chini ya sheria ya ukomo wa madai (Sura ya 22), hupewa miaka 3. Familia iliyongoja hukumu ya jinai kwanza ingefika Mei 2021 na kukuta mlango umefungwa.

Mawakili watetezi husema mashahidi hufa na karatasi hupotea, kwa hiyo kikomo ni haki kwa mshtakiwa. Ni kweli, ila si daima. Oktoba 2012 Jaji McCombe, London, aliwaruhusu Wakenya watatu waliodai kuteswa wakati wa vita vya Mau Mau waendelee na kesi baada ya zaidi ya miaka 50, kwa sababu nyaraka za serikali ya kikoloni zilikuwapo. Mwaka uliofuata Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Mwaka 2018 dai la wengine zaidi ya 40,000 likagonga mwamba wa muda mbele ya jaji mwingine. Kipimo kinachofaa basi ni ushahidi uliobaki, si kalenda. Bunge lisimamishe saa ya fidia kesi ya jinai inapoendelea. Kabla ya hapo, aliyefiwa asingoje: afungue dai lake mapema.