Mgeni na Jembe katika Milima ya Butembo na Beni

Watu wa pwani husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huicheka methali hii, wakidhani ni njia ya adabu ya kumfukuza mtu aliyezoea kula vya wenzake. Katika milima ya Butembo na Beni maneno hayo yana uzito zaidi. Hapa, kumpa mgeni jembe ni kumpa mahali pa kulima, na mwenye mahali pa kulima si mgeni tena. Tukiitazama vizuri historia ya nchi hii, twaona wageni waliopewa jembe, wageni waliojitwalia wenyewe, na wageni wanaolingoja hata leo.

Mambo haya hayaonekani sana mjini. Butembo ni mji wa maduka, malori na pikipiki. Mtu aweza kukaa humo mwaka mzima asijue kwamba kabichi anayoila ilibebwa mgongoni na mama mmoja, kamba ikimkaza pajini, toka kilimani mpaka barabarani. Kwa hiyo tulipopata nafasi ya kukaa siku sita katika nyumba ya wageni ya shamba la parokia moja, mashariki ya mji, tulikubali mara moja.

Nyumba ni ya matofali, ina vyumba sita, na jiko la kuni liko nje. Usiku tulijifunika mablanketi matatu. Msomaji wa Zanzibar au wa Kisangani ataona ajabu, maana mstari wa Ikweta hupita kusini kidogo tu ya Butembo. Lakini vilima hivi vimepanda juu, mita 1,800 hata 2,000 na zaidi, na baridi ya alfajiri haijui Ikweta ni nini. Chakula kilikuwa viazi vya Kizungu, maharagwe na kabichi. Jumapili, nyama ya mbuzi. Karibu kila kitu kilitoka mahali tulipoweza kupaona kwa macho tukisimama mlangoni. Mama mtunza nyumba hakuturuhusu hata siku moja kwenda kutembea kabla ya kunywa uji, nasi hatukushindana naye.

Siku ya kwanza mzee mmoja, aliyekuwa katekista miaka mingi, alitupeleka vijijini. Miteremko imelimwa toka chini mpaka juu, wala huoni pori. Maharagwe hapa, majimbi kule bondeni, migomba kando ya nyumba, mikaratusi pale ambapo udongo umechoka. Njiani tulipishana na vijana wakishuka na chukudu zilizojaa magunia, tukaruka majanini upesi, kwa kuwa chukudu ya mti ikishika mteremko haina salamu.

Mzee alitusimamisha mahali palipo tambarare, akasema kwamba hapo ilikuwako kyaghanda ya babu yake. Wasomaji wasio Wanande yafaa waelezwe. Kyaghanda ilikuwa nyumba ya wanaume katikati ya mji, na moto ndani yake. Humo wazee walikata mashauri, humo walikula pamoja, humo vijana walifundishwa. Humo pia msafiri alipokelewa. Aliota moto, akala, kisha ndipo alipoulizwa atokako. Kama alitaka kukaa, alipelekwa kwa mkuu wa ardhi, yaani mzao wa yule aliyekata msitu kwanza. Akaonyeshwa upande wa mlima, naye akaleta muhako, hasa mbuzi, pengine pamoja na mavuno na pombe ya ndizi. Muhako haukuwa bei, kwani ardhi haikuuzwa. Ulikuwa alama kwamba mtu huyu anajulikana, ana mkubwa wake, na kesho mtu akimgusa kuna wa kumtetea. Mzee alisema hivi: “Mbuzi yule aliwasaidia watoto wake kuliko yeye mwenyewe. Hakuna aliyewauliza tena wametoka wapi.”

Wanande wenyewe husimulia kwamba wazee wao walivuka mto Semliki wakitoka upande wa Uganda, ambako ndugu zao Wakonzo wanakaa hata sasa. Hivyo wenyeji wa leo ni wageni wa jana. Hatusemi hayo kwa kumkosea mtu heshima. Ndivyo yasemavyo masimulizi yao.

Siku ya tatu tulikwenda mashariki, upande wa Kyondo, mpaka ukingo wa Bonde la Ufa. Lori la mboga lilitupokea sehemu ya njia. Huko ardhi huanguka ghafula. Chini umelala uwanda wa Semliki. Kusini-mashariki Ziwa Edward lang'aa kama bati jipya. Kaskazini-mashariki, mawingu yakiwa na huruma, Ruwenzori na barafu yake. Kwetu mawingu yalikuwa na huruma kwa muda wa kusali Malaika wa Bwana, yakafunga tena.

Mwaka 1889 Stanley alipita huko chini pamoja na Emin Pasha na wapagazi wake wa Zanzibar. Wakonzo wa miteremkoni, waliokuwa wameteswa na askari wanyang'anyi wa mfalme Kabarega wa Bunyoro, walifanya urafiki na msafara. Mwezi wa Juni mwaka ule Luteni Stairs alijaribu kuupanda mlima kutoka upande huu. Akapita mita 3,200, akarudi. Kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, kilifikiwa mwaka 1906 na msafara wa Mtawala wa Abruzzi, aliyepitia Uganda. Mwaka 1932 Wabelgiji wakiongozwa na Xavier de Grunne waliuchunguza kutoka upande wa Kongo. Baadaye vilijengwa vibanda vya kulala njiani: Kalonge, Mahangu, Kiondo, Moraine. Huko Mutwanga, chini ya mlima, ikawako hoteli kwa ajili ya wapandaji. Watalii walilala kitandani, na wana wa Wakonzo wakabeba mizigo yao.

Miaka ileile ya Stanley walifika pia wageni wenye bunduki kutoka upande wa Maniema, wakitafuta pembe na watu. Habari zao ni chungu. Lakini Kiswahili cha huku, kinachoitwa Kingwana, kilienea kwa njia ya watu wa namna yao, nasi leo twakitumia kusali Baba Yetu.

Ukiutazama uwanda wa Semliki kutoka juu, wadhani Mungu aliuumba mtupu. Sivyo. Pale Semliki unapotoka ziwani, mahali paitwapo Ishango, mtaalamu wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa mafungu mafungu. Wataalamu wauhesabu kuwa wa miaka kiasi cha 20,000, na wengi wadhani ni chombo cha kuhesabia. Mfupa wenyewe uko Brussels. Wavuvi walikaa ziwani zamani hizo, na katika siku za babu zetu walikuwako bado. Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Serikali ya Wabelgiji iliwahamisha watu kwa sababu ya mbung'o, na katika miaka ya 1930 sehemu kubwa ya nchi hiyo iliunganishwa na mbuga ya Albert, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1925. Tangu 1969 yaitwa Virunga, na mwaka 1979 iliwekwa kati ya urithi wa ulimwengu. Mbuga ni tunu, hatukatai. Lakini waliohamishwa walipanda milimani, na milima haikuongezeka. Anayeuliza kwa nini mashamba ya Lubero na ya Beni ni membamba kama mkeka, na aanzie hapo.

Kwa upande mwingine ilikuja Komiti ya Taifa ya Kivu, iliyoundwa mwaka 1928. Ilipewa mamlaka ya kugawa ardhi “zisizo na mtu” kwa masetla wa Ulaya. Neno hilo ndilo lililokuwa na sumu. Mkulima wa milimani hulima shamba miaka michache, kisha huliacha lipumzike. Afisa alipofika akaona majani marefu, akaandika kwamba hapana mwenyewe. Ardhi ilitolewa kwa karatasi, bila mbuzi, bila mkuu wa ardhi kuitwa. Setla akapanda kahawa, ngano, pareto, kwinini, na wenye ardhi wakaajiriwa kuilima. Mwezi wa Novemba 1973 Mobutu alitwaa mashamba ya wageni, wakapewa raia; lakini waliopewa mara nyingi walikuwa wakubwa, na mwenye mlima wa kwanza hakuitwa safari hiyo pia.

Je, Kanisa? Yafaa tuseme wazi. Mapadri wa Moyo Mtakatifu walianza misioni ya Beni mwaka 1906, katika Beni ya zamani karibu na Semliki. Mwaka uleule Roma na Dola Huru la Kongo walipatana kwamba kila misioni ipewe bure hektari 100 mpaka 200 za kulima. Mwaka 1929 walifika Mapadri wa Asumpsio, nao wakaendelea vivyo hivyo. Kwa hiyo shamba tulilolala nasi lina mizizi katika karatasi ileile ya serikali. Tofauti yaonekana katika jembe lenyewe. Kwa mashamba hayo zililishwa shule na hospitali, na watoto waliosoma kwa viazi vyake ndio waliokuja kuwa mapadri, masista na waganga. Vikarieti ya Beni iliundwa mwaka 1938. Ikawa jimbo mwaka 1959. Tangu 1967 laitwa Butembo-Beni. Baba Askofu Emmanuel Kataliko, mzaliwa wa milima hii, aliliongoza toka 1966 mpaka alipopelekwa Bukavu mwaka 1997, na mwaka 1989 Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilifunguliwa Butembo. Hayo ni mema. Hata hivyo mzee wetu, aliye Mkristo kuliko sisi, alituonyesha mpaka wa shamba la misioni kwa fimbo, akasema tu: “Babu hakuletewa mbuzi.” Tukaendelea kutembea.

Miaka ya karibuni ugeni umepata majaribu ambayo wazee hawakuyajua. Mwezi wa Agosti 2018 Ebola ilitangazwa huko Mangina, karibu na Beni, ikadumu mpaka Juni 2020. Watu zaidi ya 3,400 waliugua, na zaidi ya 2,200 wakafa. Mkono haukupewa mkono, na mlangoni pa kila nyumba iliwekwa ndoo yenye dawa. Mama mtunza nyumba anayo bado ndoo ile. Siku hizi huoshea viazi.

Jaribu la pili halijawekwa kando kama ndoo. Mapadri watatu wa Asumpsio walitekwa parokiani kwao Mbau mwezi wa Oktoba 2012, wala hawakurudi. Tangu Oktoba 2014 wauaji, wengi wao wakihesabiwa kuwa wa kundi la ADF lililotoka Uganda, wameingia kijiji baada ya kijiji katika Beni, baadaye pia katika Ituri na Lubero, wakiua kwa mapanga na kuchoma nyumba. Mwaka 2024, Kanyabayonga ilipotekwa na M23, wengine wengi walikimbilia Lubero na Butembo toka kusini. Wengi wao hawakuingia kambini. Waliingia nyumba za watu. Familia ya watoto saba hupokea familia ya watoto sita, na mama hugawa sufuria ileile. Hakuna hesabu ya serikali inayoonyesha gharama hiyo.

Katika vyumba sita vya nyumba yetu, vitatu vilikuwa vyao. Tulidhani mwanzoni ni wageni wa siku chache kama sisi. Mmoja wao, baba wa makamo kutoka miteremko ya Ruwenzori, alikuwa amekaa humo mwaka wa pili. Kwao alikuwa na kakao, na watu walikuja kuinunua mlangoni pake. Huku juu kakao haioti, maana ni baridi mno. Amejifunza viazi kwa kuwatazama wengine. Hulima kwa kibarua katika mashamba ya majirani, na kipande kidogo hukodi kwa msimu mmoja, kisha mwenyewe hukitaka tena mara tu kinapokuwa kizuri. “Nimepewa kitanda, wasingya,” alituambia, akishukuru kwa Kinande. “Lakini mwanangu wa mwisho huwaambia wenzake shuleni kwamba kwetu ni chumba cha nne.”

Wenyeji hawana ukatili. Ardhi ni ndogo. Mwenye robo hektari na wana watano hana kilima cha kumwonyesha mgeni, hata akimheshimu kama nduguye. Penye nafasi ni katika mashamba makubwa ya zamani, ya masetla na ya warithi wao, na, tusifiche, katika baadhi ya mashamba ya misioni.

Huyo baba alikuwa ameweka akiba ya vibarua vya miezi mingi, akanunua mbuzi jike. Wiki ile tulipokuwapo alimleta kwa padri wa parokia, akiwa na wazee wawili wa kusema kwa niaba yake, kama desturi. Aliomba upande wa shamba chini ya mikaratusi, ulioachwa bila kulimwa. Padri alimpokea kwa heshima, akasema kwamba jambo hilo hawezi kulikata peke yake, lazima lipite katika halmashauri ya parokia, kisha liende kwa Baba Askofu. Akamwomba amrudishe mbuzi nyumbani wakati wa kungoja. Baba alikataa, mbuzi wa muhako harudi na aliyemleta. Basi alifungwa nyuma ya jiko, na Mama mtunza nyumba akawa anampa maganda ya viazi. Siku tulipoondoka halmashauri ilikuwa haijakutana.