Maikrowevu yenye oveni

Maikrowevu yenye oveni ni kifaa cha jikoni kinachounganisha maikrowevu ya kawaida, koili za kuchomea na feni ya kuzungusha hewa moto. Maikrowevu ya kawaida hupasha na kuyeyusha barafu. Yenye oveni huoka pia.

Mawimbi ya maikrowevu, ambayo katika vifaa vya nyumbani huwa na masafa ya takriban gigahezi 2.45, hutikisa molekuli za maji yaliyomo ndani ya chakula. Maji hayo yakikaribia 100 °C hugeuka mvuke, kwa hiyo uso wa chakula hubaki na unyevu. Rangi ya kahawia huhitaji takriban 140 °C au zaidi. Ndiyo maana keki iliyopikwa kwa mawimbi peke yake huiva lakini haipati rangi, na sambusa iliyopashwa hulegea. Hewa moto ya oveni huanza na uso wa chakula, na hufikia 200 °C au zaidi.

Upishi wa mawimbi ulianza Marekani mwaka 1945. Husimuliwa kwamba Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon, aliona chokoleti imeyeyuka mfukoni mwake alipokuwa karibu na mtambo wa rada.

== Kuchagua ==
Nyumba ambayo tayari ina jiko lenye oveni haipati faida kubwa kwa kununua ya pili: maikrowevu ya kawaida ni nafuu, nyepesi na hupasha vilevile. Anayeishi chumba kimoja bila oveni ndiye hasa anayefaidika na kifaa cha pamoja, ingawa nafasi yake ni ndogo na trei nyingi za kuokea haziingii. Baadhi hutumia zaidi ya wati 2,000 wakati wa kuoka, mzigo usiofaa kuunganishwa kwenye waya mwembamba wa ekstensheni.

== Vyombo ==
Makosa mengi hutokea hapa. Bakuli la plastiki linalofaa kwa mawimbi huyeyuka kwenye hewa moto, na bati la keki linalofaa kwa kuoka huweza kutoa cheche mawimbi yakiwashwa. Njia zote mbili zikitumika pamoja, kinachofaa ni kioo kisichopasuka kwa joto, au kauri isiyo na mstari wa dhahabu. Wavu wa chuma unaouzwa pamoja na kifaa hutumika kwa mawimbi pale tu maelekezo ya mtengenezaji yanaporuhusu.